Mafuta ya Kushukia

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa Chanika! Na asifiwe hata na ninyi mlioketi kule nyuma karibu na mlango, maana huko ndiko ninakokaa mimi kila nikija kumsalimia mama, nikisubiri ibada iishe niwahi gari la kurudi Korogwe. Leo nimekuja mbele. Wazee wangu, shikamooni.

Mchungaji aliniambia niandike kwanza, halafu nisome. Ananijua. Anajua nikisimama mikono mitupu nitatoa maneno ambayo hayafai kusemwa hapa. Kwa hiyo nimeandika. Lakini nawaambia mapema, nimeandika nikiwa na hasira, na hasira hiyo sijaimaliza. Kama mlitegemea kumwona mtu aliyekwisha kupoa, mtanivumilia.

Wengi mnanijua kama binti wa yule mama anayeuza maharage na dagaa karibu na stendi. Babu yangu aliletwa nchi hii kukata mkonge, mama yangu akazaliwa kambini, na mimi nikazaliwa hapa hapa Chanika. Nimesoma mpaka kidato cha nne. Nina mtoto mmoja, Semeni, na nina hakika wakati nasoma haya atakuwa anavuta kitambaa cha mtu hapo mbele. Baba yake alikwenda kutafuta dhahabu, na mpaka leo anaitafuta. Kwa hiyo mshahara wangu ndio chakula chetu sisi wawili. Nataka mlielewe hilo kabla sijaendelea, kwa sababu mtu asiye na mtoto ataniuliza kwa nini sikuacha kazi siku ya kwanza.

Kazi yangu iko Korogwe mjini. Ni kampuni ndogo, siitaji, inanunua iliki, pilipili manga na mdalasini kwa wakulima wa milimani. Mimi ndiye ninayepanda kwa wakulima, leo Kwashemshi, kesho Vugiri. Naangalia iliki imekaukaje, nawaambia siku ya mzani, nasikiliza manung'uniko yao yote kuhusu bei, halafu nayashusha ofisini, ambako hakuna anayeyasikiliza. Natumia pikipiki ya kampuni. Ndiyo, mwanamke, pikipiki, mlimani! Mliokuwa mnanicheka nikijifunza pale kwenye kiwanja cha shule mnajijua.

Ofisini kwetu kila asubuhi tunaanza na maombi. Mkurugenzi mwenyewe ndiye anayeongoza. Jina lake silisemi hapa, kwa sababu yupo na ana watoto. Tunasimama duara, tunaimba, anasoma neno, anaomba, tunaitikia, ndipo anatoa matangazo ya kazi. Na kwetu mtu akikosea kazini hakaripiwi pembeni kama kwingine. Anasimama katikati ya lile duara, anatubu, na wenzake wanamwombea. Aliyechelewa anatubu. Aliyeacha gunia likalowa anatubu. Ukishatubu limekwisha, na kinachokatwa kwenye mshahara kinakatwa kwa upendo. Mwanzoni lilinigusa sana jambo lile. Nikamsimulia mama kwamba nimepata kazi mahali penye hofu ya Mungu.

Hata Mwanaisha, mtunza stoo wetu, Mwislamu na ushungi wake, alikuwa anasimama humo humo kwenye duara na kuitikia amina. Siku moja nikamuuliza inakuwaje. Akacheka, akasema, "Shoga, Mungu ni mmoja. Na huyu anayetulipa naye ni mmoja."

Ndugu zangu, shida ilianza msimu ambao bei ya iliki ilianguka. Mkurugenzi akaanza kutafuta mahali pa kubana. Hakubana simu yake, hakubana gari lake. Alibana mafuta ya pikipiki.

Alitangaza baada ya maombi, kwa furaha kabisa, kama mtu aliyefunuliwa jambo. Akasema, "Jamani, kutoka hapa mpaka Vugiri si ni kupanda? Na kutoka Vugiri mpaka hapa ni nini? Ni kushuka! Jiwe likiporomoka mlimani linatumia petroli?" Watu wakacheka. Akainua mkono. "Kuanzia leo kampuni inalipia kupanda. Kushuka ametulipia Mungu." Watu wakacheka tena, na mmoja akasema haleluya. Sikujua nicheke au nifanye nini. Nikatabasamu.

Nimtendee haki, hakulitoa hewani jambo lile. Vijana wa bodaboda wa milimani wanafanya hivyo kila siku. Akifika penye mteremko anazima injini, anaweka frii, gia haishiki kitu, na pikipiki inaserereka yenyewe mpaka chini. Ukiwa unatembea barabarani husikii kitu, unashtukia tu upepo na mlio wa matairi, mtu keshakupita. Wanabana mafuta. Lakini kijana yule anafanya kwa pikipiki yake, kwa vipande vya barabara anavyovijua yeye, na akiona hapafai anawasha. Hakuna mtu aliyekaa ofisini kwenye kiti cha kuzunguka akamwamuru aserereke mlima mzima ili kazi isipotee. Mimi niliamriwa. Wenzangu wawili wenye pikipiki walipangiwa vijiji vya tambarare, kwao amri ile haikuwa na maana yoyote. Mlima ulikuwa wangu peke yangu.

Basi nikawa naserereka. Nikifika juu, mafuta yamebaki ya kunusa tu. Nazima, naweka frii, nashuka na breki peke yake. Nikifika chini nakaa kwanza kando ya barabara ndipo nafungua kofia ngumu. Hii ndiyo ilikuwa kazi yangu yenye hofu ya Mungu!

Katika barabara ya Vugiri kuna kona moja. Mlima uko mkono huu, na mkono ule hakuna kitu, hewa tu, na huko chini migomba inaonekana midogo kama mchicha. Vijana wanaiita Kona ya Amina, kwa sababu ukishaipita salama ndipo unapolisema neno hilo.

Siku ninayoisimulia, binti anayemlea Semeni alikuwa amekwenda msibani kwao. Sikuwa na wa kumwachia mtoto. Nikamfunga mgongoni kwa kanga, nikapanda naye mpaka Vugiri, wakina mama wa kule wakambeba wakambembeleza, wakampa ndizi, nikafanya kazi yangu. Wakati wa kurudi nikafunga nyuma kiroba cha pilipili manga ya sampuli. Kulikuwa kumenyesha manyunyu, udongo umelainika. Nikazima injini, nikaweka frii.

Ndugu zangu, sijui niwaeleze vipi ule ukimya. Unasikia ndege. Unasikia mtoto anapumua shingoni kwako. Halafu nikasikia harufu ya kitu kinaungua, na ilikuwa ni breki. Nikakanyaga, mguu ukazama kama nimekanyaga ugali. Nikakamata breki ya mbele, tairi likateleza, nikaachia. Nikajaribu kuingiza gia, ikalia tu kwa kukwaruza, ikakataa. Na kona ile pale!

Nimesikia shuhuda nyingi ambapo mtu anasema, katika hatari ile nikaliitia jina la Bwana. Mimi sikuliitia. Nisiwadanganye nikiwa nimesimama hapa. Nilipiga kelele, "Mama!" Basi. Hilo ndilo lililonitoka. Lakini Yeye aliye juu hakusubiri niitie vizuri.

Kabla tu ya kona kulikuwa na kifusi. Watu wa barabara walikimwaga pembeni wakasema watarudi kukisambaza, wasirudi. Wanakijiji walikuwa wanakilalamikia kila siku, kinaziba njia, magari yanashindwa kupishana. Mimi mwenyewe niliwahi kukitukana. Nikaelekeza pikipiki kwenye kifusi kile. Ikazama mpaka kwenye taa. Kiroba kikakatika kamba, kikatupita, kikaenda zake bondeni peke yake. Nilisikia kikigonga, kikagonga tena, kikanyamaza.

Sisi tukabaki juu.

Niliogopa kumgusa mtoto. Nilipeleka mkono nyuma polepole, nikashika mguu wake, ukawa wa moto, ukachezacheza. Halafu akasema kwa sauti ya furaha kabisa, "Mama, tena!"

Alidhani ni mchezo! Alitaka nirudie!

Nilikaa kwenye kifusi kile nikalia mpaka wapita njia wakasimama. Na hapo hapo nikajiapiza kwamba sitashuka mlima ule tena injini ikiwa imezimwa, hata kampuni iniambie Mungu amelipia mara mia.

Kesho yake nikamweleza Mkurugenzi. Nilimweleza yote, breki, kona, mtoto, kifusi. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Akasema, "Tumshukuru Mungu sana, Mama Semeni." Kisha akauliza, "Na kile kiroba cha pilipili kiko wapi?"

Hilo nimeliandika na kulifuta, nikaliandika tena. Libaki.

Fundi akatengeneza breki, na tangu siku ile nikawa nashuka injini inanguruma, gia ya kwanza, polepole, kama inavyotakiwa. Mafuta yakawa hayatoshi, bila shaka, maana nilipewa ya kupandia tu. Huko juu hakuna sheli. Kuna Mama Hoza, anauza maparachichi na maharage kando ya barabara, na petroli kwenye chupa za maji. Nikawa nanunua kwake kwa pesa yangu, pesa ya maziwa ya mtoto, nikidhani nikieleza nitarudishiwa. Nikaeleza. Mkurugenzi akataka risiti. Nikamwambia, mzee, ile ni chupa ya maji, ipo juu ya meza ya mbao, haina mashine ya risiti. Akaweka kalamu mezani.

"Wenzako mafuta yanawatosha," akasema. "Wewe peke yako ndiye unayeishiwa. Mimi si mtoto mdogo. Mafuta unayauza huko juu kwa huyo mama wa chupa, halafu unakuja kunidai tena."

Niliondoka pale nikajikuta nimesimama stoo mbele ya Mwanaisha, nimeshika gunia.

Aliponiita tena aliongea kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha. Alisema hataki kuniharibia maisha. Alisema anajua nina mtoto. Kwa hiyo hatanifukuza wala hatanipeleka polisi. Jumatatu, kwenye maombi, nisimame katikati, nitubu kwamba nimeuza mafuta ya kampuni, wenzangu waniombee, nikatwe kidogo kidogo, na maisha yaendelee. Nisipotubu, Jumatatu hiyo hiyo nikabidhi ufunguo wa pikipiki.

Ndugu zangu, mmeona nilivyobanwa? Nikitubu, kazi ipo na mtoto anakula, lakini nimekuwa mwizi. Nimejiita mwenyewe, kwa mdomo wangu, mbele za Mungu. Na Korogwe ni mji mdogo. Neno lile lingefika Kwashemshi kabla yangu, lingefika Vugiri kwa wale wakina mama waliombeba mtoto wangu, lingekuja mpaka hapa Chanika kwenye meza ya dagaa ya mama yangu. Nisipotubu, mimi ni mkaidi asiye na kazi, na bado wangesema ameiba.

Mwanaisha alinishauri nitubu. Alinishauri kwa kunipenda. "Maneno tu, shoga. Mimi naitikia amina kila asubuhi, umeniona nimebatizwa? Simama, sema, kaa. Mtoto ale."

Nusura nikubali. Jumamosi nikapanda gari nikaja hapa kwa mama. Nilimkuta anachambua maharage kwenye ungo, Semeni akamkimbilia, nami nikakaa chini nikaanza kuchambua naye. Nikamweleza kila kitu. Nikamwambia, mama, nadhani nitatubu tu yaishe. Mama hakuniangalia. Akaendelea kutupa vijiwe pembeni. Kisha akaniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu, "Ukimtubia Mungu kitu ambacho hukukifanya, sasa atakusamehe nini?"

Nikaacha kuchambua.

"Jibu basi," akasema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Neno lile lilinishika mahali. Nilikuwa nimekubali kusimama mbele za Mungu na kutoa ushuhuda wa uongo, nikauita toba, watu waimbe, waitikie. Bora anifukuze. Jumapili ile nilikuja hapa kanisani, nikakaa kule nyuma karibu na mlango, na mlipokuwa mnaomba mimi niliomba hivi, na ninaandika kama nilivyosema: Bwana, sitaki hata pesa yake. Nataka asiniite mwizi. Na mimi woga umenizidi. Niondolee woga, mengine nitajua.

Sikuona mwanga, wala sikusikia sauti. Ila njiani kurudi Korogwe niligundua kwamba nimelala usingizi garini, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu siku ya kifusi.

Jumatatu duara likawekwa. Tukaimba. Mkurugenzi akasoma neno juu ya moyo uliovunjika, akafunga kitabu, akasema, "Mama Semeni anatubu mafuta aliyoyauza. Karibu katikati. Usiogope, hapa ni nyumbani."

Nikasimama katikati. Mwanaisha akaangalia chini.

Nikasema, "Mkurugenzi, shikamoo. Wenzangu, hamjambo. Sikuuza mafuta. Mafuta yaliungua kwenye injini wakati nashuka, kwa sababu nakataa kushuka injini ikiwa imezimwa. Kama kushuka ni bure, Mkurugenzi, leo naomba tupande wote Vugiri. Wewe kaa nyuma yangu. Tukirudi nitazima injini kama ulivyoagiza. Ukifika na mimi mpaka chini bila kuniambia niwashe, kesho natubu hapa hapa, natubu na mengine yoyote utakayoniongezea."

Mtu mmoja akakohoa. Sijui nilipata wapi ujasiri ule, au tuseme najua, ndiyo maana nimesimama hapa. Mkurugenzi akacheka, maana watu wote walikuwa wanamwangalia na hakuwa na pa kupitia. "Mimi?" akasema. "Mimi nimekulia kwenye baiskeli isiyo na breki! Twende!"

Tukapanda. Alivaa suti yake ya kaunda na viatu vinavyong'aa, na kofia ngumu iliyombana mashavu. Njia nzima ya kupanda alikuwa anaongea, anasifia hewa, anasifia migomba, anasema wakulima hawa wamebarikiwa. Juu wakamsalimia kwa heshima, wakampa kiti. Alikuwa hajafika kule tangu barabara ilipoharibika, na siku alizokuwa akifika alifika kwa gari, vioo vimefungwa.

Wakati wa kurudi tulianzia pale kwa Mama Hoza. Nilimwomba asogee asikie. Nikasema, "Mzee, mafuta ya kupandia yameisha kazi yake. Sasa tunashuka kwa yale aliyotulipia Mungu." Nikazima injini. Nikaweka frii. Mama Hoza akashika kiuno na kutuangalia, akasema, "Baba, shika sana hapo nyuma."

Tukaanza na kipande cha juu, ambacho ni kipole. Sikumpeleka penye hatari, ndugu zangu, Mungu ni shahidi. Kipande kile hata mama mjamzito anapitishwa. Pikipiki ikaanza kwenda. Ule ukimya ukaja. Mkurugenzi akaacha kuongea. Nikasikia vidole vyake vikinishika mabegani.

"Shika breki," akasema.

"Nimeshika, mzee."

"Shika zaidi."

"Hapa ndipo mwisho wake, mzee."

"Mama Semeni. Mama Semeni! Simamisha! Simamisha nimesema!"

Nikasimamisha. Nilikuwa nimepanga tangu asubuhi kusimama pale, pana tambarare kidogo, na mbele unaiona Kona ya Amina yote, na kifusi changu, na alama ya pikipiki bado ipo. Mkurugenzi akashuka. Akatazama kona. Akatazama kifusi. Akatazama kule bondeni kwenye migomba, na nadhani alikuwa anakitafuta kile kiroba, lakini hilo sina hakika nalo.

"Washa injini," akasema.

Nikamjibu, "Mafuta ya kushukia sina, mzee. Kampuni haijanipa."

Tukaangaliana. Mimi sijawahi kumwangalia mtu mzima machoni muda mrefu kiasi kile. Niliitafuta hofu yangu, ile niliyoizoea, sikuiona. Niliyoiona ilikuwa kwake.

Alifungua kofia, akaipachika mkononi kama kikapu, akaanza kutembea. Mkurugenzi wa kampuni, na viatu vile, kwenye tope lile, anashuka mlima wa Vugiri kwa miguu! Wakina mama wawili walikuwa wanapanda na mizigo ya majani ya ng'ombe kichwani. Wakampisha, wakamwamkia, kisha wakamuuliza kama pikipiki imeharibika. Akasema hapana. Mmoja akasema neno kwa Kishambaa, wakacheka mpaka majani yakayumba. Sikumuuliza mtu anitafsirie, sikutaka.

Ilibidi nami nishuke. Nikawasha injini, kwa petroli ya chupa niliyoinunua kwa Mama Hoza siku ile kwa pesa yangu, nikaweka gia ya kwanza, nikamfuata nyuma polepole, inanguruma. Akaipita Kona ya Amina kwa miguu, ameegemea upande wa mlima, mkono mmoja kwenye udongo. Nikaipita nyuma yake. Huko mbele akasimama, akapanda nyuma, tukashuka mpaka Korogwe.

Msidhani aliniomba radhi. Hakuniomba. Mpaka leo hii ninavyosoma, hajaniomba.

Kesho yake duara likawekwa kama kawaida. Tukaimba. Akasoma neno, akaomba, tukaitikia, akaanza matangazo ya magunia. Nikaona anataka kupita juu ya lile jambo kama halikuwepo. Nikaona limeanza kuzama, na jina langu linazama nalo. Hapo ndipo Mwanaisha aliposema. Yule yule Mwanaisha wa maneno tu, shoga. Alinyoosha mkono kama mwanafunzi, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Samahani, Mkurugenzi. Mama Semeni anatubu leo, au hatubu?"

Watu wote wakageuka. Mkurugenzi akashika karatasi yake ya matangazo, akaikunja, akaikunjua.

"Hatubu," akasema.

Mwanaisha hakushusha mkono. "Kwa nini?"

"Hana cha kutubu. Mafuta yaliisha kwa kazi." Akasafisha koo. "Na kuanzia sasa mlimani yatatolewa ya kwenda na kurudi."

Mwanaisha akaitikia "Amina," na ndugu zangu, nilivyomfahamu, ile ndiyo amina ya kwanza aliyoitoa moyoni katika ofisi ile.

Huo ndio wokovu wangu ninaowasimulia. Ni mdogo? Wengine mmeponywa magonjwa, wengine mmefufuliwa ndoa. Mimi mbele ya watu wale wale waliosikia naitwa mwizi, walisikia pia kwamba si mwizi, kwa mdomo ule ule. Zile pesa za chupa nimerudishiwa, si zote. Kazi bado naifanya kwa sababu mtoto bado anakula. Mafuta napewa ya kupanda na ya kushuka. Semeni simpandishi tena pikipiki mlimani, hata alie.

Nilimwomba Bwana aniondolee woga, akaniondolea woga. Hasira sikumwomba aichukue, na naona ameniachia. Labda ana kazi nayo. Mchungaji anasema tutaizungumza. Sawa, tutaizungumza. Lakini namsifu nikiwa nayo hivi hivi, kwa sababu siku ya kifusi nilimwita vibaya akaja, na Jumapili ile nilimwomba kwa kifupi nikiwa karibu na mlango akasikia.

Sasa wewe unayesoma au kusikia haya, ambaye umewekwa katikati ya duara lolote, la ofisi, la ukoo, hata la kanisa, na unaambiwa tubu yaishe: kama ulitenda, tubu. Kama hukutenda, nakusihi kwa machozi, usimpe Mungu uongo akusamehe. Mwegemee Yeye. Alikuwepo njia nzima, anajua mafuta yaliishia wapi. Usingoje uwe jasiri ndipo umwamini, mimi nilikuwa natetemeka. Na wewe uliyeajiri watu, upo humu, nakuona: kabla hujasema kitu fulani ni bure, nenda ukashuke nacho mara moja.

Asante mama, kwa swali lako. Asante Mwanaisha, najua hutausoma ushuhuda huu, nitakusomea stoo. Asante Bwana, kwa watu wa barabara ambao hawakurudi.

Ile kona bado ipo. Keshokutwa naipita. Nitaweka gia ya kwanza, nitashuka polepole injini inanguruma, petroli inaungua kama inavyopaswa kuungua, na nikishaipita nitalisema lile neno. Ninyi mnalijua. Leo nimeipita mbele yenu. Nisaidieni kulisema.